Mlango Anaoujua Jogoo

Ukuta uliotenganisha ua wa Dinh na ua wa Xua aliujenga Dinh mwenyewe kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, bila tope wala maji. Kwenye milima ile mawe ni mengi kuliko udongo. Watu hupanda mahindi katika nyufa za miamba, punje mbili hapa, punje tatu pale, na anayetaka ukuta haendi mbali kutafuta vifaa. Anachohitaji ni hasira tu, na hasira Dinh alikuwa nayo ya kujengea hata ngome.

Xua alikuwa mjane wa Pao, na Pao alikuwa kaka mkubwa wa Seo, mume wa Dinh. Pao alipofariki, wanaume wa ukoo walikaa kuuzunguka moto, wakanywa pombe ya mahindi, wakasema lile ambalo ukoo umelisema tangu zamani: mdogo mtu amchukue mjane wa kaka yake, ili watoto wasihame na shamba lisihame. Hakuna aliyemuuliza Dinh. Dinh alichukua mundu wa kukatia nyasi za ng'ombe, akakaa kizingitini, akaulaza mundu magotini.

"Anayetaka kuleta mkeka wa mtu humu ndani," alisema, "apite hapa."

Hakupita mtu. Lakini Xua alikuwa amesimama uani kwake, mikono kiunoni, na sauti yake haikuwa ya kujificha.

"Kwani nani kasema namtaka? Seo ananuka kuku mpaka kwenye nyusi. Nimezika mume, pua sijaizika!"

Watu walicheka. Seo naye alicheka, kichwa ameinamisha kama mtoto aliyekamatwa akilamba asali. Dinh hakujua lipi lilimuuma zaidi, kwamba walitaka kumgawa mumewe, au kwamba mumewe aligawiwa na akakataliwa. Kesho yake alianza kubeba mawe.

Ni kweli kwamba Seo alinuka kuku. Nyumba yao yote ilinuka kuku. Dinh alipoolewa, akiwa binti mdogo wa kijiji cha upande wa pili wa bonde, mama yake hakuwa na fedha ya kumvalisha shingoni. Alimpa kikapu chenye mtetea na jogoo, kuku weusi wa mlimani, weusi wa manyoya, weusi wa ngozi, weusi hadi mfupa. Akampa na sharti moja. Roho ya mtu ikipotea, alimwambia, anayetumwa kuifuata ni kuku. Basi asitumwe kuku wa kununua wala wa kuazima, kwa maana roho humfuata kuku, na kuku huenda kwenye mlango anaoujua. Kila kifaranga cha Dinh, kwa hiyo, kilianguliwa ndani, katika kikapu kando ya moto, kikapita mlango ule mara nyingi kabla ya kuijua dunia. Watoto aliowazaa walikua wakashuka bondeni kufanya kazi viwandani, wakawa sauti kwenye simu. Kuku walibaki.

Mwaka ule, mahindi yalipokwisha kuvunwa, pora mmoja wa Dinh aliruka ukuta. Alikuwa jogoo mchanga, mwenye mkia unaong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji. Jioni ile alilala kwa Xua. Asubuhi aliwika huko huko.

"Wewe! Nirudishie jogoo wangu!" Dinh alipaza sauti.

"Mlango uko wazi, wifi. Njoo umchukue."

"Mrushe huku!"

"Mimi si mtumishi wako. Tena sikumwalika, kaja mwenyewe. Pengine kwako hapalaliki."

Seo alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Dinh hakwenda. Kuvuka geti la Xua kungekuwa sawa na kuubomoa ukuta kwa mguu wake mwenyewe. Badala yake, kila asubuhi alipofungua banda aliita "Mwizi!" mara moja, kwa sauti, kama mtu anayemtemea mate mlango jirani, kisha akaendelea na kazi zake.

Ndipo baridi ikaja.

Haikuja kama mgeni, ilikuja kama mdai. Ukungu ulishuka ukakaa. Maji ya pipa yaliota ngozi ya barafu. Asubuhi sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imevika kila jani jino jeupe, na mawe ya njiani yaling'aa kwa uovu. Kipaza sauti cha kijiji, kilichofungwa kwenye nguzo juu ya njia, kilirudia maneno yale yale tangu alfajiri: funikeni ng'ombe, zibeni mabanda, msiwatoe wanyama nje.

Dinh aliziba. Alizungusha turubai la nailoni banda zima, akashindilia mabua ya mahindi katika kila ufa, na mwanya mrefu uliokuwa chini ya paa, ambao Seo aliuacha makusudi alipolijenga, akaujaza matambara. Alikuwa juu ya ngazi, vidole vimekufa ganzi, aliposikia sauti.

"Wifi! Huo mwanya wa juu usiuzibe. Utawachemsha kwa pumzi zao!"

Xua alikuwa ameegemea ukuta upande wake, amejifunga blanketi hadi puani.

"Hata kipaza sauti kimesema tuzibe."

"Kimesema uzibe upepo. Hakikusema uwazike. Kuku anapumua, mama. Pumzi ni maji. Maji yakikosa pa kutokea yatawaganda vidoleni."

"Umeanza lini kuwaonea huruma kuku wangu? Au unataka kuniua nao wengine, baada ya kuniibia mmoja?"

"Haya," Xua alisema. "Ziba. Ziba na masikio yako."

Dinh alitaka kuacha upenyo wa kiganja tu pale juu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kusita. Lakini neno lilitoka kwa Xua, na neno la Xua halikuwa na njia ya kuingia kichwani kwa Dinh bila kuvuka ukuta. Alilichukua tambara la mwisho akalisukuma kwa ngumi mpaka likaingia lote.

Siku hiyo hiyo Seo alianguka.

Alikuwa amekwenda kumkatia ng'ombe majani kwenye mwamba wa juu, akateleza kwenye jiwe lililovaa barafu, na alilala pale kwa muda ambao hakuna aliyeujua, mpaka Dinh alipomfuata na kumkuta ametazama mbingu, sakitu kwenye nyusi. Mfupa haukuvunjika. Alitembea mwenyewe hadi nyumbani. Lakini aliketi kando ya moto na hakuondoka tena. Alikula akilishwa. Akiulizwa hakujibu. Macho yake yalikuwa yakiutazama mlango, kama mtu aliyeacha kitu nje na hakumbuki ni nini.

Kila aliyemwona alisema lile lile, na Dinh alikuwa amelijua kabla yao. Mwili umerudi. Roho imebaki jiweni.

Mwita roho wa kijiji alikuwa mzee Lu, mtu mkavu, mwenye mafua yasiyokwisha na hasira na kila ngazi aliyopandishwa. Alikuja siku chache baadaye, mchana, fimbo mkononi, akitukana barabara.

"Lete jike na dume," alisema. "Na yai. Upesi, kabla haya magoti yangu nayo hayajahitaji kuitwa."

Dinh alileta mtetea mmoja mzuri na jogoo mkubwa kuliko wote. Mzee Lu alimpitia mtetea harakaharaka, akatikisa kichwa kukubali. Alimchukua jogoo, akamgeuza, akamshika mguu, akabonyeza kidole.

"Huyu analala wapi?"

"Bandani. Pamezibwa vizuri, mzee."

"Naona." Alibonyeza tena. Ukucha ukang'oka, ukabaki kiganjani mwake kama ganda la mbegu. Jogoo hakushtuka. "Mama, hii si miguu. Hiki ni kijiti, na hiki ni kijiti. Nikimchemsha huyu nitasoma nini? Vidole visivyokunja vitaniambia nini kuhusu mumeo?"

Kuku mweusi haonyeshi jeraha la baridi kwa rangi. Weusi juu ya weusi, jicho linapita tu. Dinh alikuwa ameona majogoo wake wawili wanachechemea, na ncha za panga zao kichwani zimekauka kama uyoga, akajiambia ni uzee, akajiambia ni uchovu. Sasa alikwenda bandani, akaingiza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu alizibe akaligusa turubai kwa ndani. Lilikuwa limelowa maji. Matone yalining'inia kwenye fito walizolalia kuku, na pembeni, walipozoea kusimama majogoo, matone yalikuwa yameganda. Mitetea walikuwa wamebanana katikati, miguu imefunikwa na matumbo yao. Jogoo wa pili alikuwa na vidole vigumu kuliko wa kwanza.

"Basi nitafutie mwingine," mzee Lu alisema akijifunga kitambaa cha kichwa. "Nitarudi keshokutwa. Nisiporudi, jua nimeanguka, uniite na mimi."

"Barabara ya sokoni imefungwa na barafu, mzee."

"Jirani yako ana jogoo, nimemsikia akiwika. Chukua wa jirani."

Dinh alihisi moto wa jiko umemrukia usoni. Kuku wa Xua! Jogoo wa Xua atumwe mlimani akaifuate roho ya Seo, airudishe akiiongoza kwa mlango anaoujua. Mlango wa Xua! Miaka yote hii ameketi kizingitini na mundu magotini, halafu ampeleke mwenyewe mumewe kwa jirani, kwa kamba ya kuku!

"Afadhali afe," alisema.

Mzee Lu alimtazama. "Nani? Jogoo au mumeo?"

Alipoondoka, Dinh aliketi mbele ya Seo, akamlisha mahindi ya kusaga yaliyopikwa kwa mvuke, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa ukingo wa aproni yake ya katani. Alimpenda mtu huyu kwa namna ambayo hakuwahi kuitafutia maneno. Maneno yake yote aliyamalizia ukutani.

"Nitazame," alimwambia. "Seo. Nitazame mimi, si mlango."

Seo aliutazama mlango. Na ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ya shaba mpya, jogoo aliwika. Dinh alikiacha kijiko hewani. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameitukana kila asubuhi. Yule hakuwa jogoo wa Xua. Yule alianguliwa hapa, kwenye kikapu hiki, kando ya moto huu.

Alitoka hadi ukutani.

"Xua!"

"Leo nina jina? Kulikoni, mwizi kafa?"

"Nataka jogoo wangu."

"Nimesikia mzee Lu alivyosema. Ukuta wako una matundu, wifi. Ulijenga kwa hasira, hukupanga vizuri." Xua alijitokeza, uso mwekundu kwa baridi. "Vidole vyote, eh? Majogoo wote wawili?"

Dinh alikwangua sakitu juu ya jiwe kwa ukucha.

"Nilikwambia."

"Ulisema."

"Nilikwambia, nikakwambia, ukanitazama kama nimekutemea mate kwenye chungu. Sasa Seo anakaa kama gunia kwa sababu ya tambara lako."

"Seo alianguka mwenyewe! Na usilitaje jina lake kama la kwako!"

"La kwangu la nini? Ningelitaka, mundu wako usingenizuia." Xua alikwenda, akarudi na pora kwapani. Pora hakuwa pora tena. Alikuwa amejaa kifua, upanga wake umesimama, na miguu yake ilikuwa mizima, vidole vinne vinne, vinakunja na kukunjua kama vya mpiga filimbi. Dinh alitamani kuibusu ile miguu na kumzaba kofi aliyeishika.

Xua alimweka juu ya ukuta. "Aamue mwenyewe anaujua mlango gani. Sitaki useme nimekupa, wala sitaki useme nimekunyima."

Jogoo alisimama juu ya jiwe la Dinh. Alitazama ua huu, akatazama ua ule. Kisha akajitikisa, akageuka, akarukia upande wa Xua, akaingia bandani kwa miguu ya mtu anayekwenda kulala.

Xua alicheka hadi akakohoa.

"Mshenzi," Dinh alisema, na sauti yake ilipasuka katikati ya neno, jambo lililomkasirisha kuliko yote.

Xua aliacha kucheka. Hakulainika, aliacha kucheka tu.

"Sikiliza wewe kichwa cha jiwe. Leo simtoi, hata ukilia. Ukimlaza mle ndani keshokutwa utakuwa na jogoo wa tatu asiye na vidole, na Seo bado yuko kule juu. Bomoa hilo kaburi kwanza. Nione kwa macho yangu."

Dinh angeweza kukataa. Maneno ya kukataa alikuwa nayo mengi, yamepangwa vizuri. Kisha aligeuka akaona, kupitia mlango wazi, magoti ya Seo na moshi.

Aliegemeza ngazi. Alilivuta tambara la kwanza, likatoka limeganda kama samaki mkavu. Akavuta la pili. Hewa ya ndani ilitoka kwa mwanya ikiwa mvuke mzito, wa kunuka, na Xua kule ukutani akaziba pua kwa madaha.

"Hiyo ndiyo supu niliyokwambia. Turubai liache upande wa upepo tu. Huko, si huko! Upande wa bonde, mama, upepo unatoka wapi, tumboni mwako?"

"Nyamaza, naona."

"Ungekuwa unaona tungekuwa hapa? Toa matandiko yote. Yamelowa. Weka majivu makavu, halafu maganda ya mahindi, mengi. Na hizo fito ni za nini? Kuku akilalia fito, vidole vinabaki nje vinazunguka kama kucha za mchawi. Weka ubao mpana, akae juu ya miguu yake."

"Ubao sina."

Ubao uliruka ukuta, ukaangukia karibu kabisa na mguu wa Dinh.

"Ungenivunja!"

"Nilikosea shabaha," Xua alisema.

Dinh alifanya yote, akitukana kila kipande alichokigusa, na kila alichokitukana alikiweka sawasawa. Jua, lililokuwa doa jeupe tu ukunguni, lilikuwa linazama alipomaliza. Alipopitisha mkono ndani ya banda palikuwa pa baridi, lakini baridi kavu, isiyo na ulimi. Xua alimrudisha jogoo juu ya ukuta bila neno.

Jogoo akatazama huku, akatazama kule.

Dinh alikuwa na mwito wake. Ulikuwa upawa uliogongwa kwenye chungu kilichotoboka, na tangu Seo aanguke alikuwa hajaugonga, kuku aliwamwagia tu chakula kama anayelipa faini. Alikiokota chungu. Akagonga.

Jogoo aliinua shingo. Akaruka.

Hakwenda bandani. Alivuka ua, akapanda kizingiti, kile kile cha mundu, akaingia ndani moja kwa moja hadi kando ya moto, mahali kilipokuwapo kikapu, akasimama kati ya miguu ya Seo akijikung'uta. Na Seo, ambaye macho yake yalikuwa hayajauacha mlango, aliyashusha, akamtazama ndege.

Dinh aliwafungia mlango wote wawili. Alibaki nje kidogo, uso ukutani mwa nyumba, mpaka alipoweza kuingia.

Mzee Lu alirudi kama alivyosema, akiilaani barabara. Alisimama mlangoni akitazama mlima, bakuli la wali na yai mbele yake, ubani unafuka, jogoo na mtetea mikononi mwa Dinh, akaita. Alimwita Seo atoke jiweni, atoke kwenye sakitu, aache kutazama mbingu ambayo haina cha kumpa. Moto upo, alisema. Mkeo yupo. Mfuate huyu, anajua njia. Dinh alikuwa amewachinja kuku wengi maishani bila kuwaza, lakini alipomfikisha jogoo huyu kwenye kisu alimwambia kitu sikioni ambacho hakumwambia mtu yeyote baadaye. Alipochemshwa, mzee Lu aliinyanyua miguu kutoka kwenye mvuke, akaisogeza mwangani. Vidole vilikuwa vimejikunja pamoja, sawasawa, hakuna kilichopishana.

"Hii sasa ni miguu," alisema, akapenga kamasi.

Ndugu walikuja kumfunga Seo nyuzi mkononi, kuishikiza roho iliyorudi. Na kati ya ndugu, hakuna sheria iliyoweza kumtenga mjane wa kaka yake. Xua aliingia kwa geti la mbele, viatu safi, kichwa juu. Alifunga uzi mkono wa kushoto, akaukaza hadi Seo akakunja uso.

"Wa kulia baki nao," alimwambia Dinh.

Seo alitazama mkono wake, akatazama sufuria, na kwa sauti iliyoota kutu alisema, "Kuna paja?"

Watu walipiga kelele za furaha. Alipewa paja. Alikula mwenyewe, mafuta yakimtiririka kidevuni, kisha akageuka. "Shemeji," alimwambia Xua, "asante kwa jogoo."

"Jogoo ni wangu!" Dinh alisema. "Alikuwa wangu toka yai!"

"Msikie mumeo," Xua alimwambia Dinh. "Umemrudisha huyu mume, sasa mrudishe na mdomo wake kule jiweni."

Akala sahani mbili, akaondoka bila kuaga.

Sakitu ilipoyeyuka na mawe yalipoacha kuteleza, Dinh aliamua kuuongeza ukuta safu moja, ili asiruke jogoo mwingine. Mwanya wa banda, chini ya paa, aliuacha wazi. Alipanga mawe asubuhi nzima, Seo akimletea madogo madogo, polepole, akipumzika mara kwa mara.

"Hilo la pembeni linacheza," ilisema sauti ya ng'ambo. "Litaanguka."

"Angalia ya kwako!"

"Mimi nimesema tu."

Dinh aliendelea na safu yake kana kwamba hakusikia. Alisubiri mpaka mlango wa Xua ulipofungwa, akatega sikio kidogo zaidi ili kuhakikisha, ndipo akalitoa lile jiwe la pembeni, akaligeuza, na kuliweka upya.